Bibi Harusi Apanda Mlima

Kila Jumamosi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, Zita alikuwa ameshainamia injini ya Bibi Harusi. Alipima oili, akajaza maji kwenye rejeta, akayapiga magurudumu teke moja moja kusikia kama yana upepo, kisha akafuta vumbi kwa kipande cha kanga kuukuu. Kazi hiyo alikabidhiwa na mama yake alipoingia darasa la tano, na sasa akiwa darasa la saba aliifanya kwa maringo kidogo. Wasichana wenzake waliringia misuko ya nywele. Yeye aliringia kujua plagi ni ipi na kabureta ni ipi.

Bibi Harusi hakuwa mtu. Alikuwa pikapu kongwe, mwenye umri mkubwa kuliko hata mama yake Zita, na watu wa Mapera walimpa jina hilo kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mweupe, au tuseme aliwahi kuwa mweupe. Pili, na hii ndiyo iliyowachekesha, kwa mwezi mzima sasa hakuwa akiingia kijijini bila kusindikizwa. Akifika kilima cha mwisho karibu na kanisa, vijana walikuwa wanamngojea wakiwa wameshakunja mikono ya mashati, tayari kumsukuma huku wakiimba nyimbo za harusi.

Mama Zita, jina lake Mariana, alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake kilikuwa kinazidi kupungua. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa jembe lake. Kila Jumamosi alishuka nayo hadi Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akanunua mbasa na dagaa, akapanda nao milimani kuwauzia watu wa Mapera na Mbinga. Bila pikapu, hakuna samaki. Na bila samaki, Mama angerudi kulima vibarua kwenye mashamba ya kahawa ya watu, kama alivyofanya zamani Zita akiwa bado anabebwa mgongoni.

Asubuhi hiyo Mama alitoka ndani na ufunguo mkononi, akasimama kando ya boneti. Halafu akasema.

"Zita, wewe ni mkubwa sasa, sikufichi. Leo likizimika tena mlimani, basi. Mjomba wako Ladislaus amempata mnunuzi wa vyuma chakavu huko Mbinga. Nikimpigia simu tu, Jumatatu anakuja kulikata vipande."

"Kulikata? Bibi Harusi?" Zita aliinua kichwa kutoka kwenye injini.

"Nimechoka kusukumwa, mwanangu. Mwezi mzima sasa. Samaki wanaharibika njiani, wateja wananikimbia. Panda twende."

Zita akafunga boneti, akaingia ndani. Vidole vyake vilikuwa vinachezea ushanga wa shaba aliouvaa kwenye kifundo cha mkono kwa uzi mwekundu. Alikuwa na tabia hiyo akiwa na wasiwasi, na leo wasiwasi ulikuwa umemjaa tele, maana kuna jambo alilolijua yeye peke yake.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwezi uliopita, akiwa anafuta injini, alinusa harufu ya petroli. Akafuatilia kwa pua mpaka akaona mpira mmoja mfupi, mweusi, uliopasuka na kuvuja. Mpira huo ulitoka kwenye chujio la petroli ukaungana na bomba jembamba la chuma, na bomba hilo lilipita chini ya gari hadi kwenye tangi kule nyuma. Zita akajikuna kichwa. Petroli inatoka kwenye tangi kwa njia moja na kuja kwenye injini, hilo alilijua. Sasa hii njia ya pili ni ya nini? Hakuiona kazi yake. Akaamua kwamba haina kazi.

Akaukata mpira ule kwa kisu. Kisha akachonga vipande viwili vya mti wa mbuni, mti mgumu wa kahawa ambao babu yake Salvatory huutumia kuzibia mapipa ya kuoshea kahawa. Akavizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, kimoja akakigongomea kwenye chujio, kingine kwenye bomba. Harufu ikaisha palepale. Alipoupasua ule mpira uliokatwa ili ashonee mpini wa ndoo, ndani yake kikadondoka kidude cha shaba kinachong'aa, chenye tundu dogo katikati. Kilikuwa kizuri mno kutupwa. Akakitia uzi, akakivaa.

Mama alifurahi sana siku ile. "Jamani, njooni mwone!" aliwaita majirani. "Harufu imekwisha! Mwanangu ni fundi!" Alidhani Zita alikaza tu klampu ya kubania mpira iliyolegea, na Zita, akiwa anasifiwa mbele ya watu, hakuona haja ya kueleza zaidi.

Jumamosi iliyofuata Bibi Harusi alizimika mlimani. Na iliyofuata tena. Alikuwa anashuka vizuri, anatembea vizuri kwenye tambarare, lakini akipanda na mzigo jua likiwa kali, anakohoa mara mbili tatu, kisha kimya. Akishapoa, anawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama akaamua ni petroli mbaya. Akamwendea Hamphrey, kijana aliyekuwa akimuuzia petroli ya chupa pale Mbamba Bay, akaimwaga chupa nzima chini mbele ya watu. "Unatuuzia petroli ya maji!" alifoka. Zita alikuwa amesimama pembeni. Moyoni alijua kwamba Bibi Harusi alianza kuzimika baada ya vile vipande vya mbuni, lakini Mama alikuwa ameshampata wa kumlaumu, na Zita, tuseme ukweli, alipumua.

Siku hii ya leo walifika ziwani bila tabu. Ziwa lilikuwa limetulia na milima ya ng'ambo ilionekana vizuri. Mama akachagua mbasa wake, wakapangwa kwenye masanduku yenye barafu, na dagaa wakapakiwa kwa magunia. Walipokuwa wanaondoka walipita mbele ya meza ya Hamphrey. Chupa zake zilikuwa zimepangwa vizuri kama kawaida, lakini hapakuwa na mteja hata mmoja. Maneno ya Mama yalikuwa yamezunguka mji mzima.

Hamphrey akasimama. "Shikamoo, mama," alisema kwa adabu.

Mama akatazama mbele, akakanyaga mafuta, wakapita.

Zita aligeuka kwenye kiti akamwangalia yule kijana. Hamphrey alikuwa bado amesimama. Shikamoo yake ilibaki imening'inia hewani, na katika maisha yake yote Zita hakuwahi kumwona mama yake akiacha kuitikia shikamoo ya mtu, hata ya mlevi. Alijisikia vibaya mpaka masikio yakawaka moto.

Hawakufika mbali. Kona za kwanza za mlima walizipita, ziwa likaanza kuonekana chini kwao, kisha Bibi Harusi akakohoa. Akakohoa tena. Akazima.

Mama akavuta breki ya mkono. Aliegemeza kichwa kwenye usukani kwa muda, halafu akashuka, akawaomba wapita njia wawili wamsaidie kuligeuza gari. Likashuka lenyewe taratibu mpaka kwenye banda la Fundi Ambokile, mtu wa Kyela aliyehamia Mbamba Bay zamani akitengeneza injini za boti na chochote chenye moshi.

"Shikamoo, Fundi," Zita alisalimia.

"Marahaba, binti. Mama Zita, karibu. Naona ziwa letu limekunogea, umeshindwa kurudi kwenu milimani."

Mama hakuwa na nguvu za utani. Alimweleza yote. Fundi akafungua boneti, akaangalia kabureta, akachomoa waya wa plagi akaurudisha. Kisha akauliza swali ambalo Zita alikuwa akiliogopa mwezi mzima.

"Kuna mtu yeyote amegusa mipira ya humu ndani?"

"Hakuna," alijibu Mama. "Humu anaingia huyu mwanangu tu, tena kwa kufuta vumbi."

Fundi akakuna kidevu. "Basi itabidi nifungue kabureta yote. Na vipuri vyake ni vya kutafuta. Mniachie mpaka wiki ijayo."

"Wiki ijayo?" Mama alitazama masanduku ya samaki, maji ya barafu yakiwa yameanza kudondoka kwenye mchanga. "Hapana. Imetosha." Akatoa simu kwenye mkoba. "Ngoja nimpigie Ladislaus amwambie yule mtu wa vyuma aje."

Zita aliona kidole cha mama yake kikitafuta jina. Akaona kwa mawazo yake Bibi Harusi akiwa vipande. Akamwona na Hamphrey, amesimama pale na shikamoo yake. Sauti ikamtoka, kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mama, usipige! Ni mimi!"

Mama akasimamisha kidole. "Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyeigusa. Kulikuwa na mpira unavuja. Niliukata, nikaziba." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kuomba ruhusa. "Petroli ya kaka Hamphrey haina kosa. Nilijua siku nyingi, nikanyamaza."

Mama akashusha simu. Kama si Fundi Ambokile, pengine Zita angeyasikia maneno ya kumtosha mwaka mzima. Lakini Fundi alishapiga hatua mbele, macho yamemtoka.

"Ulizibia wapi? Nionyeshe!"

Zita akaingiza mkono nyuma ya kishikio cha betri, chini kabisa, akamwonyesha. Fundi akainama, akashika, akavuta kwa koleo. Kipande cha mbuni kikatoka kimelowa petroli. Akakiinua juu kwenye mwanga, akaanza kucheka.

"Jamani! Kimezungushiwa mpira vizuri hivi, hata mimi ningekipita nikidhani ni cha kiwandani. Mama Zita, hapa ningefungua kabureta, ningefungua na pampu, ningekulia siku zako bure. Huyu mtoto ametuokoa."

"Ametuokoa?" Mama alisema kwa ukali. "Yeye ndiye aliyeliharibu!"

"Aliliharibu mwezi uliopita. Leo ametuokoa." Fundi akamgeukia Zita. "Njoo nikueleze, ili siku nyingine usikate usichokijua. Pampu inaleta petroli nyingi kuliko injini inavyoweza kunywa. Inayobaki inarudi kwenye tangi kwa njia hii. Mafundi tunaiita ritani. Gari likipanda mlima na mzigo, injini inakuwa moto, petroli iliyomo kwenye mipira inachemka na kugeuka mvuke. Njia ya kurudi ikiwa wazi, ule mvuke unakwenda zake kwenye tangi. Ukiziba, unabaki humohumo, pampu inasukuma mvuke badala ya petroli, kabureta inakauka, gari linazima. Likipoa, mvuke unakuwa petroli tena, linawaka. Si ndivyo linavyofanya?"

"Ndivyo hasa!" alisema Mama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulifunguka kidogo.

"Basi tunaijenga upya ritani. Samaki wakae kivulini, mwongeze barafu. Zita, kazi hii utaifanya wewe kwa mikono yako, mimi nitakuelekeza. Unalia au unafanya kazi?"

Zita akajifuta uso kwa kiganja. "Nafanya kazi."

"Kwanza tusiungue. Injini ipoe. Yule mama anayekaanga samaki mwambie asogeze jiko lake kule mbali. Na mtu asivute petroli kwa mdomo hapa kwangu, ni sumu ile, inakwenda kwenye mapafu. Tunahitaji pampu ya baiskeli na chupa inayoonyesha ndani."

Vitu hivyo viwili, katika mji mzima, vilikuwa karibu zaidi kwa Hamphrey. Zita aliangalia chini, kisha akaanza kutembea. Alipogeuka, alikuta mama yake anamfuata.

Hamphrey aliwaona wakija akarudi nyuma hatua moja, akazishika chupa zake.

"Kaka Hamphrey," Zita alianza, "petroli yako ni nzuri. Gari lilikuwa linazima kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

Hamphrey akamtazama Mama. Watu waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo, kama watu wanavyofanya penye harufu ya ugomvi. Mama akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, sauti ileile aliyomfokea nayo siku ile.

"Hamphrey, ile shikamoo yako ya asubuhi sikuiitikia. Marahaba, mwanangu. Na hapa mbele ya watu nasema, nilikusingizia. Hukuniuzia maji. Nisamehe."

Yule kijana akaziachia chupa zake. Kisha tabasamu likamjia. "Yameisha, mama. Mnataka nini, pampu? Chukueni. Na chupa hii hapa, lakini ikaushe vizuri, binti, likionekana tone la maji watasema tena ni mimi." Watu wakacheka, na mmoja aliyekuwa na pikipiki akaagiza chupa mbili palepale.

Hamphrey mwenyewe akafuata nyuma kuona mambo yanavyokwenda.

Zita akalala chali chini ya gari kwenye gunia, akakichomoa kipande cha pili cha mbuni. Fundi akamwambia afunge pampu ya baiskeli kwenye bomba la chuma na ampe Hamphrey kazi ya kupampu, halafu yeye Zita aende nyuma afungue mfuniko wa tangi, asikilize.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu!"

"Bomba limeziba kwa kutu na uchafu. Mwezi mzima halijapitisha kitu. Hamphrey, ongeza nguvu!"

Hamphrey akapampu mpaka shati likamganda mgongoni. Zita alisikiliza kwa sikio la kulia, akabadili la kushoto. Mara ndani ya tangi kukatokea mlio mzito: bwabwabwabwa!

"Inabubujika! Hewa inafika!" alipiga kelele, akaruka juu nusura ajigonge. Hata Mama alipiga makofi.

Fundi akatoa mpira mpya wa petroli, Zita akaupima, akaukata, akaufunga kwa klampu mbili, moja kwenye chujio, nyingine kwenye bomba. Alikaza kwa bisibisi mpaka Fundi akamwambia inatosha. Wakawasha. Bibi Harusi akaunguruma vizuri, hakuna harufu, hakuna tone. Fundi akaingia na Mama kwenye gari, wakaenda kujaribu kwenye kilima kifupi nyuma ya banda.

Hawakukimaliza. Gari lilianza kupiga misi, injini ikikatakata, likatetemeka, likarudi likijikongoja.

Zita alikimbia kulipokea. Mama akashuka akitazama simu yake. Fundi Ambokile akakuna kidevu tena, safari hii kwa muda mrefu. "Mbona ritani iko wazi?" alijisemea.

Akachomoa mpira upande wa bomba, akauingiza kwenye chupa ya Hamphrey, akamwambia Mama awashe injini kidogo. Petroli ikaruka ndani ya chupa kwa kasi, chupa ikawa inajaa huku wanaitazama.

Zita alikuwa akiikazia macho. Kitu hicho alikuwa amekiona mahali. Si kwenye gari. Alikiona kwa babu.

"Fundi," alisema polepole, "babu yangu ana mfereji wa kuleta maji kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Pembeni kuna mlango wa kurudisha maji mtoni. Ukiuziba, kingo zinabomoka. Lakini ukiuacha wazi wote, maji yote yanarudi mtoni, mashine inabaki kavu. Babu anaweka mawe pale mlangoni, anaacha upenyo mdogo tu. Hapa naona mlango uko wazi wote."

Fundi akageuka taratibu. "Upenyo mdogo," alisema. Akajipiga paji la uso. "Ambokile mimi, boti zimeniharibu akili! Magari ya namna hii huwa na kidude ndani ya mpira wa ritani. Cha shaba, kifupi, na tundu jembamba, ili irudi petroli kidogo tu na nyingine ibaki kwa kabureta. Lakini sasa nitakipata wapi? Kwenye ule mpira ulioukata hukuona..."

Hakumaliza. Zita alikuwa ameinua mkono wake. Kwenye kifundo, kwenye uzi mwekundu, ushanga wa shaba ulikuwa unang'aa juani.

Fundi akaushika ule mkono, akautazama kwa karibu. Kisha Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amecheka, aliangua kicheko mpaka akashika kiuno. "Mwezi mzima! Mwezi mzima tunasukuma gari, na dawa yake amevaa kama bangili!"

Fundi akaukata ule uzi kwa uangalifu, akakipuliza kidude, akakitazama kwenye mwanga kuona tundu liko safi. Akamrudishia Zita. "Kitie mwenyewe."

Zita akakisukuma ndani ya mpira mpya mpaka kikakaa, akakibana kwa klampu kisitembee. Wakarudia kupima kwa chupa. Safari hii petroli ilitoka nyembamba kama uzi wa kushonea, taratibu, bila kukatika. Injini haikutetereka hata kidogo.

"Sasa hiyo ndiyo ritani," alisema Fundi. Akaurudisha mpira kwenye bomba, akamwachia Zita akaze klampu ya mwisho. "Mama Zita, panda mlima. Likizima, mimi nitawabeba samaki hao kichwani hadi Mapera."

Jua lilikuwa kali, lile jua lililokuwa likimshinda Bibi Harusi kila Jumamosi. Mzigo ulikuwa uleule. Hamphrey akapanda pikipiki yake, akasema atawafuata kwa nyuma, kwa kuwa bibi harusi hatembei bila msindikizaji.

Kona ya kwanza. Zita alishika kiti kwa mikono miwili. Kona ambayo walizimika asubuhi ikaja. Mama alitia gia ya pili, akauma mdomo, na injini ikavuta, ikavuta, wakapita. Barabara ikazidi kuinuka, ziwa likazidi kushuka, gari likawa moto mpaka joto likawafika miguuni, na bado Bibi Harusi alikuwa ananguruma kwa sauti moja. Walipofika juu, penye upepo wa baridi wa milimani na migomba ya watu, Hamphrey akawapita akipiga honi, akawapungia mkono, akageuza pikipiki kurudi kwake. Hakukuwa na kazi ya msindikizaji.

"Mama, tumepanda!" Zita alipiga kelele.

"Tumepanda!" Mama naye alipiga kelele, na wote wawili wakaanza kuimba wimbo wa harusi, vibaya sana, kila mtu kwa sauti yake.

Pale Mapera, chini ya kilima cha kanisa, vijana walikuwa wamejipanga kama kawaida, mikono ya mashati imekunjwa. Walipoliona gari wakasogea barabarani. Mama akapiga honi ndefu. Badala ya kupunguza mwendo, aliongeza. Vijana wakaruka pembeni, kisha wakaanza kukimbia nyuma wakijaribu kulifikia, wakashindwa, wakabaki wanacheka na kuhema katikati ya vumbi. Wanawake waliokuwa sokoni wakasimama na kupiga vigelegele. Mwezi mzima hakuna aliyemwona Bibi Harusi akipanda kilima kile peke yake.

Mjomba Ladislaus alikuwa anawangojea nyumbani, simu mkononi. "Yule mtu wa vyuma anauliza aje Jumatatu saa ngapi?"

"Mwambie akatafute chuma kwingine," alisema Mama akishusha sanduku la kwanza la mbasa, wote wabichi, macho yao bado yanang'aa. "Hili lina kazi."

Samaki waliisha kabla jua halijazama. Hapo ndipo Mama alipokaa kwenye ukingo wa pikapu, akamwita Zita akae karibu naye. Zita alijua kuna maneno yake yaliyoahirishwa tangu Mbamba Bay.

"Kukata ule mpira lilikuwa kosa," Mama alisema, "lakini ni kosa la mtu anayejifunza. Ungeniuliza, ningekuambia sijui, tungemuuliza fundi. Usiposhika kitu usichokijua, hutajifunza, ila uliza kwanza. Kosa lako kubwa ni lile la kunyamaza. Kwa kunyamaza kwako, Hamphrey alikosa wateja, mimi nikamtukana mtoto wa watu, na gari letu lingekatwa na huku dawa yake unayo mkononi. Fundi hawezi kutengeneza kitu alichofichwa, hata awe hodari namna gani."

"Nimekuelewa, Mama."

"Na ulipolisema, mbele ya fundi, mbele yangu nikiwa na hasira, uliogopa?"

"Sana."

"Ukasema vilevile. Hiyo ndiyo sababu leo tumepanda mlima." Mama akamkumbatia kwa nguvu, harufu ya samaki na petroli pamoja. "Nilikuita fundi mbele ya majirani kabla ya wakati wake. Leo nakuita tena, na leo umestahili."

Kisha akatoa mfukoni kimoja cha vile vipande vya mbuni, alichopewa na Fundi Ambokile, na ule uzi mwekundu uliokatwa. Akakifunga kwa uzi, akakitundika kwenye kioo cha ndani cha Bibi Harusi.

Bado kipo hapo hadi leo. Abiria wakikiona kinavyoning'inia, huuliza ni dawa gani ile, au ni hirizi ya nini. Mama hajibu. Anamwonyesha Zita kwa kidevu, na Zita husimulia mwenyewe, tangu mwanzo, bila kuruka mahali, huku Bibi Harusi akipanda mlima.